Masika Mlangoni, Machipuko Kitabuni: Lugha na Majira katika Chekechea za Eastlands

Waswahili husema udongo uwahi ungali maji. Methali hii hutajwa sana katika hotuba za elimu, na aghalabu hutajwa na watu wasiokusudia kuushika udongo wenyewe. Katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, hata hivyo, udongo huwa maji kwelikweli kila mwaka kati ya Machi na Mei. Masika yanapoingia, vichochoro vya Kayole na Dandora hujaa vidimbwi, mabati ya Mathare hulia usiku kucha, sukuma wiki iliyopandwa katika magunia huko Umoja hunawiri, na kumbikumbi hutoka ardhini wakazizunguka taa za barabarani. Mtoto wa miaka minne au mitano anayekwenda shule ya chekechea asubuhi hupita katikati ya yote hayo. Akifika darasani, katika shule nyingi za kibinafsi, hupokewa na picha ya majira manne ya Ulaya iliyobandikwa ukutani: theluji, machipuko, kiangazi na majani yanayopukutika. Hukaririshwa kwa Kiingereza kwamba baridi imekwisha, theluji imeyeyuka na maua yameanza kuchanua. Viatu vyake vingali na tope la masika, lakini tope hilo halimo katika somo.

Makala haya hayakusudii kumlaumu mwalimu wa chekechea, ambaye mara nyingi hupata ujira mdogo kuliko walimu wengine na hufundisha kwa vitabu alivyokabidhiwa. Yanakusudia kutetea hoja moja: kwamba masika ndiyo kitabu cha kwanza cha sayansi, hesabu na lugha kwa mtoto wa Eastlands, kwamba kitabu hicho husomeka vyema zaidi kwa Kiswahili, na kwamba wa kwanza kuulizwa kwa nini kitabu hicho kimefungwa ni wataalamu na wanafunzi wa Kiswahili wenyewe, ambao wamelisahau darasa la chini kabisa.

Jua Moja, Majira Mawili

Yafaa kwanza kuiondoa dhana kwamba machipuko ni maarifa ya kilimwengu ambayo kila mtoto, popote alipo, hana budi kuanza nayo. Majira ni ya mahali. Tarehe 20 au 21 Machi jua la utosini huwa limefika kwenye ikweta likielekea kaskazini. Kwa watu wa Ulaya, mchana huanza kuwa mrefu kuliko usiku, ardhi hupata joto, na miti iliyokuwa mitupu huchipua. Kwa watu wa Nairobi, jiji lililo zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kukitambua. Badala yake, ukanda wa mvua unaoandamana na safari hiyo ya jua hupita juu ya nchi na kuleta masika, na Aprili huwa mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Hivyo basi, jua lilelile, katika safari ileile, huzaa machipuko kule na masika huku. Mtoto wa Eastlands hana upungufu wowote wa majira. Anayo yake, yaliyo kamili na yenye sababu zake, ila hakuna anayemtajia.

Kiswahili nacho si lugha iliyofika jana katika elimu ya majira. Wakulima na mabaharia wa pwani walihesabu mwaka wa jua ulioanzia nairuzi na kugawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku, ili wajue wakati wa kusafiri, wa kupanda na wa kuvuna. Kaskazi na kusi hayakuwa majina ya pepo tu, bali yalikuwa kalenda. Huko Makunduchi, kisiwani Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanywa kila Julai ingali kumbukumbu ya hesabu hiyo. Lugha hii ina masika kwa mvua kubwa, vuli kwa mvua fupi, kiangazi kwa kipindi cha ukavu, na kipupwe kwa baridi ya katikati ya mwaka, ile ambayo mzazi wa Nairobi huijua Julai anapomvika mwanawe sweta mbili.

Lugha za nyumbani hazikosi elimu hiyo pia. Wakikuyu huuita msimu wa mvua kubwa kwa jina la njahi na ule wa mvua fupi kwa jina la mwere, yaani kwa jina la mmea unaofaa kupandwa wakati huo. Wajaluo wana chwiri na opon. Katika ploti moja ya Kayole, majina hayo yote huweza kulala chini ya paa moja, kila chumba na jina lake. Neno linaloweza kuyakutanisha uani, watoto wanapotoka kucheza, ni masika.

Mvua Isiyofukuzwa

Mfano ulio wazi zaidi wa upotofu unaojadiliwa hapa ni wimbo. Mvua ikianza kunyesha, watoto wa chekechea nyingi huimba wimbo mashuhuri wa Kiingereza unaoiamuru mvua iende zake irudi siku nyingine ili mtoto apate kucheza. Kwa mtoto wa kisiwa ambacho hunyeshewa karibu kila juma, wimbo huo una mantiki yake. Kwa mtoto wa Nairobi mantiki hiyo hupinduka. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka katika Bwawa la Ndakaini, Murang'a. Mvua ikikosa kunyesha huko, mgao wa maji hukaza, na katika mitaa ya Eastlands foleni za mitungi ya lita 20 hurefuka. Baina ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Katika nchi ya namna hii, makanisa na misikiti huomba mvua. Mtoto basi hujikuta katikati ya mafunzo mawili yanayopingana: nyumbani mvua huombwa, shuleni hufukuzwa.

Je, mwalimu afanye nini badala ya kuifukuza? Hahitaji fedha nyingi. Akate chupa ya plastiki, aitie alama kwa kalamu ya wino usiofutika, aiweke uani. Kila asubuhi watoto wataitazama na kusema kama maji yameongezeka, yamepungua au yamebaki vilevile, nao watakuwa wameanza kulinganisha vipimo, jambo ambalo ndilo msingi wa hesabu. Methali ya haba na haba hujaza kibaba, ambayo wanafunzi wa sekondari huikariri kwa ajili ya insha, hapo itaonekana kwa macho. Vivyo hivyo, methali ya dalili ya mvua ni mawingu itageuka kuwa zoezi la kubashiri: watoto watazame angani saa nne, watabiri, kisha waone saa nane kama walisadifu. Huko ndiko kuanza kufikiri kisayansi.

Mwalimu aweza pia kupanda maharagwe katika makopo mawili, moja likinyweshwa na jingine likiachwa kavu. Kwa kuwa muhula wa kwanza huisha Aprili, makopo yaliyooteshwa Machi huweza kupelekwa nyumbani wakati wa likizo na kurudishwa shule zinapofunguliwa, ili mtoto aeleze mbele ya wenzake mmea wake umefanya nini. Katika zoezi hilo moja mna mbegu, kuota, chipukizi, mche, shina na jani. Machipuko yanayotafutwa vitabuni yatakuwa yamepatikana ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.

Upande wa lugha ni mpana zaidi. Mvua ya Kiswahili hainyeshi kwa namna moja. Kuna manyunyu na kuna rasharasha. Maji hudondoka, huchuruzika, hutiririka, hufurika. Vitenzi hivi vinne vinaweza kuchezwa kwa vidole, kwa mikono, kisha kwa mwili mzima, kila kimoja kikizidi nguvu ya kilichotangulia, na mtoto atakuwa amejifunza tofauti za maana ambazo kamusi huzieleza kwa shida. Kitendawili cha nyumba yangu ina nguzo moja, ambacho jibu lake ni uyoga, humtaka mtoto autazame uyoga kabla ya kuujibu, na uyoga hujitokeza wakati huohuo wa mvua. Kumbikumbi waliodondosha mbawa zao mlangoni ni somo la kuhesabu, tena ni mwanzo wa mazungumzo kuhusu ni kwa kina nani huliwa na ni kwa kina nani hutazamwa tu. Hata mchezo wa kupikapika unaojulikana Nairobi kama "kalongolongo", ambao watoto huucheza kwa tope na vifuniko vya chupa, ni maigizo kamili yenye wahusika, mazungumzo na mandhari.

Hayo si mageni katika historia ya elimu ya watoto wadogo. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake mwaka 1837 na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto, alitaka kila mtoto awe na kishamba chake cha kupanda na kutunza. Jina hilo ambalo Waingereza na Wamarekani waliliazima linadai udongo wenyewe, wala haliridhiki na picha ya udongo. Nchini Kenya, kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya, pamoja na vituo vya wilaya vilivyokifuata, vilihimiza walimu wakusanye hadithi, nyimbo na vitendawili vya jamii zao na watengeneze zana kwa vitu vilivyo karibu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya awali Januari 2019, nao una shughuli za mazingira zinazomtaka mtoto achunguze mimea, wanyama, maji na hali ya hewa ya mahali pake. Kwa hiyo anayefundisha masika haendi kinyume cha mtaala. Anayemwacha mtoto na theluji peke yake ndiye aliye kinyume nao.

Lugha ya Eneo ni Ipi?

Suala la lugha limekuwa na safari ndefu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 ilishauri kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha yake ya kwanza. Miaka minne baadaye, mwaka 1957, mpango wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza kujaribiwa papa hapa Nairobi, kwanza katika shule za Waasia, kisha ukaenea. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliuidhinisha. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza kurudi katika lugha ya eneo la shule kwa miaka ya mwanzo, nayo Kiswahili kikaonekana kuwa ndicho kifaacho pale ambapo wakazi ni wa lugha mchanganyiko. Mfumo wa Mtaala wa Elimu ya Msingi uliotolewa na KICD mwaka 2017 ulishikilia msimamo huohuo kwa madarasa ya awali hadi gredi ya tatu. Ni karibu miaka 50 tangu Gachathi, na sera ingali ileile kwenye karatasi, huku utekelezaji ukienda njia nyingine.

Kama kuna mahali ambapo swali la lugha ya eneo ni ipi halipaswi kuleta ubishi, mahali hapo ni Eastlands. Pumwani ya miaka ya 1920, Kaloleni ya miaka ya 1940, Umoja, Buruburu na Dandora za miaka ya 1970, zote zilijengwa kwa ajili ya watu waliotoka pande mbalimbali wakakutana katika kazi za jiji. Waliozungumza lugha mbalimbali majumbani walihitaji lugha moja kwenye bomba la maji, sokoni, uwanjani na katika ukumbi wa mtaa. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, kwa lahaja na lafudhi zake zote. Mtoto aliyezaliwa katika mitaa hii leo mara nyingi huwa amekwisha kukijua kabla ya kuvaa sare.

Licha ya hayo, zipo shule za chekechea ambazo humkataza mtoto huyo kukitumia. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kusimama nje ya dirisha la darasa la namna hiyo. Watoto huitikia kwa sauti moja sentensi nzima ya Kiingereza, tena kwa mahadhi, na mgeni husifu. Lakini mmoja akiombwa aeleze amesema nini, hunyamaza. Kukariri hakujawa kujua. Mtoto huyohuyo akiulizwa kwa Kiswahili ni kwa nini nguo za mama hazijakauka leo, atatoa sababu mbili au tatu, na pengine hadithi. Ukimya wake wa kwanza haukutokana na upungufu wa akili. Ulitokana na lugha aliyoulizwa.

Yapo pia manufaa ya kusoma na kuandika. Kiswahili kina irabu tano, na maandishi yake yanafuata matamshi kwa uaminifu ambao Kiingereza hakina. Mtoto aliyeshika silabi chache huweza kuyasoma maneno mengi ambayo hajawahi kuyaona. Aliyejifunza kwamba alama zilizoandikwa hubeba sauti na maana ataupeleka ujuzi huo katika Kiingereza pindi wakati wake utakapofika. Tanzania, ambayo sera yake ya elimu ya mwaka 1995 iliyaingiza madarasa ya awali katika mfumo rasmi, hutumia Kiswahili katika madarasa hayo ya shule za umma. Hakuna aliyedai kwamba watoto wa huko wamekosa uwezo wa kufikiri kwa sababu hiyo.

Pingamizi Tatu

Hoja hii ina wapinzani, nao wanastahili kusikizwa. Wa kwanza ni mzazi. Mama anayeuza mboga Kariobangi hulipa karo ya shule ya kibinafsi kwa shilingi zilizopatikana kwa jasho, naye hutaka asikie Kiingereza. Si mjinga. Ameona kwamba kazi za ofisini hutolewa kwa Kiingereza, na kwamba baadhi ya shule za msingi humpima mtoto kwa usaili kabla ya kumpokea. Kwa wapimaji wa namna hii, chekechea imegeuka chekeche: kazi yake ni kuchuja badala ya kulea. Kumwambia mzazi kuwa hapendi lugha yake ni kumkosea haki. Anachohitaji ni ithibati. Aalikwe shuleni siku moja ya Mei amwone mwanawe akieleza, kwa maneno yake mwenyewe, jinsi maharagwe yalivyoota, na aambiwe kwamba mtoto huyo ataingia katika Kiingereza akiwa na kitu cha kusema.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenzi wa Kiswahili wenyewe. Husemwa kwamba watoto wa Eastlands hawazungumzi Kiswahili, bali huzungumza Sheng, na kwamba chekechea ya Kiswahili itakuwa chekechea ya Sheng. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, aliichambua Sheng kama lugha ya mazungumzo inayotokana na Kiswahili, na uchambuzi huo unaondoa hofu kubwa. Sarufi anayokuja nayo mtoto kwa kiasi kikubwa ni ya Kiswahili. Kazi ya mwalimu ni kuipanua kwa kuongeza manyunyu juu ya mvua na kuchuruzika juu ya kumwagika, bila kumtahayarisha mtoto kwa neno alilolipata uani. Yafaa ikumbukwe kwamba anayepiga Sheng marufuku na anayepiga Kiswahili marufuku humfanyia mtoto jambo lilelile: wote wawili humfundisha kwamba kinywa chake kina kosa kabla hajakosea.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Kuna watakaosema kwamba masika ya Eastlands si somo la kupendeza, kwamba ni mafuriko, mitaro iliyoziba, maji machafu na maradhi. Ni kweli. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Mathare ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoathirika vibaya, na shule zilizotarajiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Watoto wa chekechea walikuwa miongoni mwa waliokesha juu ya vitanda na mapaa. Je, mvua iliyowatendea hayo igeuzwe mchezo wa chupa na makopo?

Jibu ni kwamba kwa sababu hiyo hasa haina budi kufundishwa. Mtoto anayeishi kando ya mto anahitaji kujua maji yanapopanda huonekanaje, ni wapi pasipovukwa, ni maji yapi yasiyonywewa, na aende kwa nani akitengana na wazazi. Mafunzo hayo hayawezi kutolewa kwa lugha ambayo mtoto huiitikia bila kuielewa. Usivuke, panda juu, ngoja hapa, yachemshe: maneno haya lazima yamfikie mara moja. Tena mtoto aliyeogopa huhitaji maneno ya kusimulia alichokiona, na maneno hayo anayo katika lugha ya mtaani kwake. Darasa linalorejea kutoka kwenye gharika na kufungua ukurasa wa maua ya machipuko linamwambia mtoto kwamba yaliyompata hayana nafasi shuleni. Fauka ya hayo, mtoto aliyezoea kuuliza maji haya yanatoka wapi na kwa nini hayaendi atakuwa raia atakayeuliza kwa nini mtaro umeziba. Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Mitaro ya maji ya mvua nayo ni jukumu la kaunti.

Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Linabaki swali la nani atakayeanza. Ni rahisi kuinyoshea serikali kidole, na serikali ina lawama yake. Lakini tasnifu za Kiswahili katika vyuo vikuu huandikwa mwaka baada ya mwaka juu ya riwaya zilezile na tamthilia zilezile, huku fasihi ya watoto wa miaka minne ikichukuliwa kuwa jambo dogo lisilofaa kwa shahada. Makongamano huandaliwa, na tangu UNESCO itangaze mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba zimeongezeka. Hotuba hizo ni njema. Hata hivyo, ni nadra kumwona mwalimu wa chekechea ya Mathare akiwa miongoni mwa waalikwa, na ni nadra zaidi kuona kitabu cha picha cha masika kikizinduliwa siku hiyo. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema wahenga. Mbacha wa Kiswahili umetandikwa katika darasa hilo dogo, na wenyewe wamekwenda kuketi kwingine.

Mfano wa kuigwa upo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeaga dunia Mei 2025, alipoamua kuandika kwa Kikuyu hakuishia kwenye riwaya na tamthilia. Aliandika pia, katika miaka ya 1980, vitabu vya Njamba Nene kwa ajili ya watoto. Alielewa kwamba lugha isiyo na kitabu cha mtoto haina msomaji wa kesho. Kiswahili kina bahati ya kuwa na wanafunzi wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya Kiafrika katika vyuo vikuu vya Kenya. Wingi huo una faida gani kwa mtoto wa PP1 huko Dandora?

Kazi inayoweza kufanywa na chama cha wanafunzi haihitaji bajeti kubwa. Wanachama wanaoishi Eastlands, nao ni wengi, wanaweza kukusanya nyimbo, michezo na vitendawili vinavyotumiwa na watoto wa mitaa yao wakati wa mvua, na kuvinakili kwa uangalifu uleule wanaoutumia katika utafiti wa fasihi simulizi. Wenye kipawa cha kutunga watunge nyimbo mpya za mvua, fupi, zenye mizani inayochezeka. Wanaojua kuchora wachore Kayole yenye matope, magunia ya sukuma wiki, bodaboda zilizofunikwa kwa karatasi za nailoni, na bibi anayekinga maji ya paa kwa ndoo. Wanaisimu wapime ni maneno gani ya mvua ambayo mtoto wa miaka mitano huja nayo shuleni na ni yapi anayoweza kuongezewa. Kisha yote hayo yafungwe katika kijitabu cha kurasa chache na kupelekwa kwa walimu wa chekechea, waulizwe kinafaa wapi na hakifai wapi, na kirekebishwe.

Kazi hiyo ikianza Oktoba, mvua za vuli zitakuwa zimefika kuwapa watafiti fursa ya kwanza ya kusikiliza. Masika yatakapoingia Machi, kijitabu kitakuwa mikononi mwa mwalimu. Picha ya majira manne si lazima ing'olewe ukutani. Mtoto ataijua Ulaya kwa wakati wake, na ni vyema aijue. Lakini kando yake na ibandikwe picha nyingine iliyoandikwa Masika, na siku mvua itakapoanza kulia juu ya mabati, mwalimu anyamaze kidogo, awaache watoto wasikilize, kisha awaulize kwa Kiswahili wamesikia nini.